Wasikilizaji 260: Je, Podikasti Inaweza Kumlisha Mtu?

Barua zilizofika mezani mwangu mwezi huu zimehusu podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyosikilizwa mtandaoni, kuliko jambo jingine lolote, na nimechagua tatu za kujibu hapa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ametaja hesabu zake waziwazi, jambo ambalo wengi hulionea haya, na pia kwa sababu mimi mwenyewe, baada ya miaka 17 ya utangazaji wa redio hapa Mombasa, nilipoanza kurekodi peke yangu chumbani nilikuta maswali yayo hayo yakinisubiri.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Kisauni. Kwa miezi 14 nimekuwa nikitoa podikasti kuhusu maisha ya wavuvi wa pwani yetu: bei ya samaki, matengenezo ya vyombo, na hadithi za wazee walioona mengi baharini. Nimekwisha kutoa sehemu 41. Mikrofoni, kinasa sauti na spika za masikioni vilinigharimu shilingi 38,000, fedha nilizozipata zamu yangu ya chama ilipofika. Kila sehemu husikilizwa na watu 260 hivi, na idadi hiyo haijapanda tangu mwezi wa sita. Sijapata hata shilingi moja. Kaka yangu husema kwamba ninazungumza na ukuta. Sasa ni wiki ya nne sijaigusa mikrofoni, na kila nikiitazama nahisi uvivu ambao sikuwa nao zamani. Naomba uniambie ukweli: fedha ya kazi hii hupatikana wapi, na mtu hufanyaje asikate tamaa kabla haijafika?*
*— Msomaji wa Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, lakini kwangu naona ni moja, kwa kuwa kinachokunyima fedha na kinachokunyima hamu ni kitu kimoja: unapima fungu la samaki kwa mizani ya malori ya bandari ya Kilindini, kisha unashangaa kwamba mshale haujasogea.

Mizani yenyewe ni hii. Makampuni yanayonunua matangazo ya podikasti kwa wingi hupanga bei kwa kila mara elfu moja ambazo sehemu imesikilizwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwenye tangazo amekubali kutoa shilingi 800 kwa kila elfu. Wewe mwenye wasikilizaji 260 utaambulia shilingi 208 kwa sehemu nzima uliyoihangaikia siku kumi hivi. Hiyo ni fedha ya mahamri, mbaazi na chai ya watu wawili, na huenda nauli ya kurudi Kisauni ikakosekana. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya wenye wasikilizaji laki na milioni, na kwao unafaa sana. Kwako hauna faida, na hautakuwa nayo hata idadi yako ikiongezeka mara tatu.

Utaniuliza kuhusu YouTube, kwani wenzako wengi huweka sauti zao huko pamoja na picha. Ili upate mgawo wa matangazo yanayoonyeshwa ndani ya video zako, unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiunga na ukurasa wako, na video zako ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12 iliyopita. Ukishakubaliwa, wewe huchukua asilimia 55 ya mapato ya matangazo hayo, na malipo hayatumwi mpaka yafikie dola 100. Sasa chukua kalamu. Ikiwa sehemu yako ina dakika 30 na wote 260 wakaisikiliza hadi mwisho, umepata saa 130, kwa hiyo unahitaji sehemu 31 kwa mwaka, nawe kwa mwendo wako hutoa kama 35. Lakini hakuna msikilizaji wa namna hiyo duniani. Wakisikiliza nusu tu, ambayo bado ni heshima kubwa, mwaka wako mzima utakuletea saa 2,275, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kiwango kinachotakiwa. Weka kazi zako huko kwa sababu huko nako kuna watu wanaotafuta habari za bahari, lakini usiufungie mlango wa jikoni kwa kuutegemea mlango huo.

Hebu tuache mizani ya malori, tuwatazame hao watu 260. Matatu zetu za abiria 14 zinazokwenda Bamburi zinaweza kukuonyesha hesabu yako: wasikilizaji wako wanajaza matatu 18, na ya 19 inaondoka na abiria wanane. Simama pale Mwembe Tayari uzitazame zikipita moja baada ya nyingine, kila kiti kimekaliwa na mtu aliyechagua mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, kusikiliza nusu saa ya habari za nyavu na injini. Ni nani hao? Wewe ndiwe unayepaswa kujua. Mimi nadhani ni manahodha, ni mafundi wa boti, ni wachuuzi, ni mama karanga wanaokaanga samaki kila jioni, ni vijana waliokwenda kufanya kazi ng'ambo na ambao baba zao walikuwa wavuvi. Kwa kampuni kubwa ya vinywaji, watu hao ni vumbi. Kwa mwenye duka la nyavu, ndoana na kamba, hao ni wateja wake wote wamekusanywa mahali pamoja, na ukuta haununui nyavu. Mwambie kaka yako hivyo.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza itatoka dukani, nayo hailetwi na barua pepe. Nenda mwenyewe kwa miguu yako. Usiende asubuhi wakati mzigo unashushwa, wala Ijumaa saa sita wakati mwenye duka anatafuta viatu vyake aende msikitini; nenda alasiri, ukaribishwe kahawa, uulize hali ya biashara, na usikie jibu lote. Kisha mpe spika za masikioni asikilize dakika moja, si zaidi, ya mzee mmoja akieleza namna ya kushona wavu uliochanika. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na nimegundua kwamba mwenye duka haulizi una wasikilizaji wangapi mpaka umtajie wewe. Anauliza, "Huyu mzee ni wa wapi?" Hapo mazungumzo yamekwisha kuanza.

Usimuuzie elfu ya wasikilizaji. Muuzie msimu: sehemu 10, jina la duka likitajwa kwa sauti yako mwanzoni na katikati, sekunde 40 kila mara, kwa shilingi 15,000. Pendekeza pia neno la siri, kwamba mteja atakayesema amelisikia duka kwako apewe ndoana mbili za bure, ili mwenye duka aweze kuhesabu mwenyewe kwa vidole vyake badala ya kuamini tarakimu za simu yako. Wateja sita waliokuja na kulitaja neno hilo watamshawishi kuliko jedwali lolote. Dai arubuni ya nusu kabla ya kurekodi, na makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wenye sahihi mbili.

Nasisitiza maandishi kwa sababu nilikwisha kuumia. Katika mwaka wangu wa kwanza, mkahawa mmoja mjini ulinikubalia udhamini kwa maneno matupu. Nikausifia kwa sehemu sita, na nilipokwenda kudai nikapewa bahasha nzuri yenye vocha ya chakula cha mchana cha watu wawili, tena isiyotumika siku za mwisho wa wiki. Nilikwenda na mama yangu tukala biriani ya samaki. Ilikuwa tamu. Bili ya stima ya mwezi ule niliilipa kwa kukopa.

Jambo moja zaidi kuhusu wadhamini, kisha tuendelee. Watakaokutafuta wenyewe kwa haraka, na kwa fedha nzuri, ni wenye michezo ya kubahatisha. Mimi huwakataa. Mvuvi aliyekueleza jinsi alivyopoteza chombo chake hastahili kufuatiwa na sauti yako hiyo hiyo ikimhimiza kucheza kamari. Lakini sina nyumba yako wala madeni yako, kwa hiyo uamuzi huo nakuachia.

Fedha ya pili hutoka kwa wasikilizaji wenyewe, na hapa wengi wetu hukosea mahali pa kuomba. Podikasti nyingi ninazozisikia hutaja nambari ya Lipa na M-Pesa mwishoni kabisa, baada ya shukrani, wakati ambapo msikilizaji amekwisha kushuka kwenye matatu. Je, umewahi kuketi katika taarabu ya harusi? Mama hangoji wimbo umalizike ndipo akamtunze mwimbaji. Huinuka pale ubeti unapomgusa, noti ikipepea mkononi, hupita mbele ya watu wote akionekana, na mara nyingi ubeti huo unamhusu jirani aliyeketi safu tatu nyuma yake. Basi nawe taja nambari yako pale penye ubeti. Mzee akishamaliza kusimulia usiku alioshikilia ubao wa dau mpaka alfajiri, nyamaza kidogo, halafu sema kwa sentensi mbili kwamba safari ya kumfikia mzee huyo iligharimu kiasi fulani na kwamba anayetaka kuchangia ya safari ijayo nambari ni hii, ukiitamka polepole mara mbili. Sehemu inayofuata, wasomee majina waliotoa, isipokuwa waliokuomba usiwataje. Watu wetu hutoa kwa harusi na kwa matanga bila kusukumwa, na sababu mojawapo ni kwamba daftari la michango husomwa hadharani.

Ukipata wachangiaji 20 tu kati ya wale 260, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, hiyo ni 24,000 kwa mwaka. Ukiwa na wadhamini wawili kwa kila msimu, na misimu miwili kwa mwaka, hiyo ni 60,000. Jumla 84,000, yaani shilingi 7,000 kwa mwezi. Sitakudanganya: fedha hiyo haimlishi mtu mwenye nyumba na watoto. Inarudisha gharama ya vifaa vyako ndani ya miezi sita, inalipa bando la intaneti, stima na nauli, na inabakiza kidogo.

Kinachobaki kukulisha, na hapa ndipo ninapoona wenye podikasti wengi wanaodumu wanapata riziki yao, ni kazi zinazokuja kwa sababu watu wameisikia sauti yako. Kipindi chako ni kibao cha dukani. Biashara iko ndani. Mradi wa uhifadhi wa bahari utahitaji mtu wa kurekodi matangazo ya Kiswahili yanayoeleweka na wavuvi, na wewe una sehemu 41 za ushahidi kwamba unaweza. Chama cha ushirika kitataka mkutano wake mkuu urekodiwe. Kuna harusi zinazotafuta mshereheshaji, na kuna vijana ambao wangependa kufundishwa kuhariri sauti Jumamosi mbili kwa ada. Mwaka jana, kwa kila shilingi 10 nilizopata, tatu zilitoka katika podikasti yenyewe na saba zilitoka katika kazi za namna hii. Lakini zile saba zisingalikuja bila zile tatu. Kwa hiyo katika kila sehemu, sema wazi kwamba unafanya kazi hizo na unapatikana wapi. Utashangaa ni wasikilizaji wangapi hawajui kwamba unaweza kuajiriwa.

Mambo mawili ya karatasi nayapita upesi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo anayopewa mkazi wa Kenya kutokana na maudhui ya kidijitali, udhamini ukiwa miongoni mwake, kwa hiyo usishangae mdhamini mwenye kampuni iliyosajiliwa akikukata shilingi 750 katika 15,000 zako; omba hati ya makato hayo uiweke. Na jambo la pili, kusanya nambari za wasikilizaji wako wanaokubali kukupa, uwe nazo katika daftari lako mwenyewe. Google ilikuwa na programu ya kusikilizia podikasti, watu wakaizoea, na mwaka 2024 ikafungwa. Wenye podikasti waliokuwa hawajui wasikilizaji wao ni akina nani walibaki wakitazama idadi ikishuka, wasijue wa kumpigia simu.

Sasa nakuja kwenye huo uliouita uvivu. Mimi siuiti hivyo. Mtu aliyefanya kazi miezi 14 bila malipo, bila kupumzika na bila kumwona anayemfanyia kazi hiyo, akichoka amechoka tu, na dawa ya uchovu haipatikani kwa kujilaumu. Tena tuseme ukweli kuhusu mji wetu: kurekodi Mombasa ni kazi ya mwili. Ukiwasha pangaboi, linavuma ndani ya kila neno. Ukilizima, shati linakuganda mgongoni kabla hujamaliza salamu. Kunguru huanza kabla ya jua, bodaboda hufuata, na adhana huja katikati ya sentensi nzuri kuliko zote, nayo haikatwi, husubiriwa. Mimi hurekodi baada ya saa nne usiku. Natundika mablanketi mawili juu ya kamba ya nguo, nazima pangaboi, naweka taulo begani, na najua kwamba nina dakika 25 kabla jasho halijaingia machoni. Ukijaribu kufanya hivyo kila wiki ya mwaka mzima, mwezi wa Februari ukiwemo, utaichukia mikrofoni bila kujua kwa nini.

Ndiyo maana nimetaja misimu. Wewe unawaandikia watu wa bahari, na watu wa bahari hawasafiri mwaka mzima. Kusi linapovuma kwa nguvu, miezi ya Juni na Julai, vyombo vidogo vingi huvutwa pwani, na wenyewe huketi kivulini wakishona nyavu na kupiga soga. Huo ndio wakati wako wa kurekodi: nenda siku tano mfululizo, rudi na mazungumzo 10 mfukoni, kisha uyahariri taratibu na kutoa moja kila wiki bila ya kukimbizwa na tarehe. Msimu ukiisha, tangaza kwamba umeisha na useme utarudi lini. Wasikilizaji humsamehe mtu aliyeaga. Anayetoweka katikati, kama ulivyotoweka wewe wiki hizi nne, huwaacha wakidhani ameacha kabisa, na yeye mwenyewe huanza kuona haya ya kurudi. Haya hizo, si uvivu, ndizo zinazoua podikasti nyingi ninazozijua. Utaratibu huu utakufanya utoe sehemu 20 kwa mwaka badala ya 35, na mdhamini wako hatalalamika, kwa sababu alichonunua ni msimu wenye mwanzo na mwisho.

Idadi ya waliosikiliza itazame mara moja kwa mwezi, siku unayoandika hesabu zako. Najua mkono huenda wenyewe. Mimi nilikuwa nikifungua simu kabla ya kuswali alfajiri kuangalia kama 112 imekuwa 115. Niliacha siku nilipomwomba binti wa dada yangu abadilishe neno la siri na kunifungulia yeye mwenyewe kila tarehe mosi. Badala ya idadi, hifadhi sauti. Wasikilizaji wakikutumia ujumbe wa sauti, usiufute. Mimi ninao mmoja wa mama mmoja wa Likoni, wa sekunde 19, umejaa honi na kelele za kivukoni, akisema kwamba amepitwa na feri makusudi ili amalize kusikiliza. Naucheza kila ninapotundika yale mablanketi.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili. Rekodi dakika tano tu, bila mgeni, uwaambie watu wako 260 kwamba ulichoka, kwamba msimu wa kwanza umemalizika kwa sehemu 41, na kwamba wa pili unaanza tarehe utakayoitaja. Siku ya pili yake, alasiri, nenda dukani.

*Salaam aleikum, dada yangu Mwalimu. Binti yangu ana miaka 24 na ni karani katika ofisi ya mizigo karibu na bandari. Kwa miezi minane amekuwa na podikasti ya mapishi ya nyumbani ambayo inapendwa, na mwezi uliopita aliletewa shilingi 9,000 na mwenye duka la viungo. Sasa anataka kuacha kazi afanye hiyo tu. Baba yake amekasirika, mimi niko katikati. Nimshauri nini?*
*— Mama wa Tudor*

Waaleikum salaam, dada. Kwanza mpongeze, kwa kuwa kulipwa 9,000 na mwenye duka la viungo ndani ya miezi minane si jambo dogo, na ukianza na "lakini" hatasikia linalofuata. Kisha mwombe akuonyeshe si mwezi mmoja bali mitatu mfululizo. Fedha za podikasti huja kama mvua za vuli, kwa wingi na kwa ghafla, halafu anga hukauka. Mwenye duka huenda amelipa kwa ajili ya Ramadhani na asirudi hadi Ramadhani nyingine. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: asiache kazi mpaka podikasti, pamoja na kazi zinazozaliwa nayo, imelipa nusu ya mshahara wake kwa miezi mitatu bila kukatika, na awe na akiba ya miezi sita pembeni. Wengine watakuambia kipimo changu ni kikali. Mimi niliacha redio kabla ya kukitimiza, na najua niliuza nini.

Kuna jambo jingine ambalo baba yake hajaliona. Mshahara ule ndio unaomwezesha binti yenu kumkataa mdhamini mbaya. Siku akiutupa, mtu yeyote mwenye unga uliochanganywa atampangia la kusema. Lakini pia msimwachie atoke kazini saa kumi na moja, apike, arekodi, ahariri hadi usiku wa manane, mkamwita mvivu akilala Jumapili. Mpeni chumba kimoja siku mbili kwa wiki, na redio ya sebuleni izimwe akiwa anarekodi. Baba akikubali kuizima wakati wa mpira, utajua hasira zimepungua.

*Mwalimu, shikamoo. Sisi ni vijana wawili wa Mtwapa. Podikasti yetu ilikuwa ikifunguliwa kwa sekunde 15 za wimbo wa zamani wa taarabu, na tulikuwa tukimtaja mwimbaji kila mara. Sehemu tatu zimeondolewa kwa madai ya hakimiliki. Tulidhani sekunde chache haziharamishwi.*
*— Wawili wa Mtwapa*

Marahaba, wanangu. Habari kwamba sekunde 10 au 15 zinaruhusiwa huzunguka kila mahali, na katika sheria yetu haimo. Kumtaja mwimbaji ni adabu, lakini hakuchukui nafasi ya ruhusa. Kumbukeni pia kwamba wimbo mmoja una haki za aina mbili: za aliyetunga maneno na muziki, na za aliyeirekodi sauti. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ilhali za rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa rekodi ya mwaka 1970 ikawa imemaliza muda wake, na utungo uliomo ndani yake bado una wenyewe, huenda ni wajukuu wanaoishi mtaa wa pili.

Tafuteni mpiga udi au zumari, na katika pwani hii hamtakwenda mbali, mumlipe apige sekunde 20 za utungo wake mwenyewe, kisha atie sahihi karatasi inayosema kwamba mnaweza kuutumia katika podikasti na katika matangazo yake, kwa muda gani, na kwa malipo gani. Msipuuze maneno "na katika matangazo yake", maana siku mtakapopata mdhamini ndiyo siku atakayewadai. Zile sehemu tatu zilizoondolewa msizifute: kateni wimbo, wekeni huo muziki mpya mwanzoni, na mzirudishe kwa majina yale yale ili waliokuwa wakizitafuta wazipate.